Fundi wa Vichwa na Migunga ya Korongoni

Mtu ninayemwandika hapa alimponya kaka yangu, na miaka michache baadaye akamwua. Hakumgusa kwa mkono. Alimwua kwa neno alilolisema mkutanoni, na kijiji kizima kikainua mikono kulikubali, mimi nikiwa mmojawapo. Nimelitaja mapema asije mtu akasoma habari za ustadi wake akadhani nimekuja kumsifu tu. Ninamsifu, na hasira yangu kwake haijapoa hadi leo.

Tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia, hata wake zake wawili. Kazi yake ilikuwa kufungua vichwa. Enzi zile kwetu Tarime ugomvi wa ng'ombe haukuishia kwenye maneno, na anayetaka kubisha aje anionyeshe ukoo usio na kovu. Rungu likimpata mtu sawasawa, mfupa wa kichwa unabonyea, damu inaganda chini yake, naye anaanza kusema ovyo, kutapika na kulala mchana kutwa. Huyo alipelekwa kwa Fundi. Fundi alikata ngozi kwa wembe, akaifunua, akaukwangua mfupa kwa kijichuma chenye ncha iliyopinda, taratibu, hadi avitoe vipande vyote vilivyovunjika. Kisha alipaka samli na majani aliyoyajua mwenyewe, akairudisha ngozi mahali pake. Dawa ya usingizi haikuwepo, palikuwa na wanaume sita wa kumshika mgonjwa.

Kaka yangu Mwita alipigwa mwaka mmoja kabla hatujahamishwa. Walimleta nyumbani wamembeba kwenye ngozi ya ng'ombe, anacheka peke yake na kumwita baba, ambaye alishakufa siku nyingi. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kufuata mifugo iliyoibwa. Fundi akatazama waliobaki, akaona hawatoshi, akanigeukia mimi.

"Wewe Robhi una mapaja. Njoo ukalie miguu yake."

Nilikalia miguu ya kaka yangu tangu ng'ombe wanatoka zizini hadi wanarudi. Alinipiga mateke ya kila namna. Nilisikia mfupa ukikwanguliwa, ni sauti ileile ya mwiko unapokwangua ukoko wa ugali, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikuweza kula ukoko. Mama aliposhindwa kujizuia akaanza kulia kwa sauti, Fundi aliacha kazi, akanawa mikono, akamfuata mlangoni na kumzaba kofi lililomkalisha chini.

"Kelele zako zinaingia mkononi mwangu," akamwambia. "Unataka nimwue?"

Akanawa tena, akarudi kazini. Siku ya tatu Mwita aliomba uji, akauliza ng'ombe wake wako wapi. Mama alimpigia magoti mtu aliyempiga kofi, na hakuna aliyeona ajabu.

Ukali wake haukuchagua. Mgonjwa aliyefungua kitambaa kabla ya siku zake alichapwa. Tabibu wa zahanati aliposema vichwa vipelekwe hospitali, Fundi alimrushia kigoda, kikavunja dirisha. Lakini watoto wake wakishikwa na malaria aliwapeleka zahanati ileile, akasimama kwenye foleni na kofia mkononi, mpole kabisa, akisema ndiyo bwana, asante bwana.

Na huyu mtu, ambaye vidole vyake vilishinda kwenye damu ya watu, hakuweza kuchinja kuku. Nimeliona hili kwa macho yangu. Wageni wamekuja, wake zake wako shambani, kuku amekwisha kukamatwa, na Fundi anaizunguka nyumba akitafuta mtu wa kumchinjia. Nilimchinjia mimi. Aligeukia ukuta mpaka kuku alipotulia. Nikamcheka, naye akanitimua kwa fimbo hadi njia panda, nikiwa bado nimeshika kisu.

Alikuwa na neno lake, "Tuone mfupa." Alilisema kwa kila jambo. Mke na mume wakigombana, yeye ni tuone mfupa. Ndama akigoma kunyonya, tuone mfupa. Maana yake ni kwamba maneno ya juu yawekwe kando, tuingie ndani penye shida. Lilikuwa neno zuri na mara nyingi lilisaidia. Ubaya ni kwamba alipenda mno kuulizwa. Siku ambayo watu walikaa wakashauriana bila kumwita, jioni alikuwa na kisirani, na wake zake walijua wasimkaribie. Hata mambo asiyoyajua aliyatolea jibu, na alilitoa kwa sauti ileile aliyoitumia kwenye vichwa.

Mwaka wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, malori yalitushusha upande wa Serengeti, mwendo wa asubuhi moja kutoka Busawe. Nyuma yetu nyumba zilichomwa asiwepo wa kurudi. Tulitoka kwenye migomba na mvua, tukawekwa kwenye nyasi kavu na miiba, tukaambiwa hiki ndicho kijiji. Wanawake walilia. Wanaume walitazama chini. Fundi peke yake alikuwa na furaha, anatembea kwenye mstari wa vigingi kutoka kiwanja hadi kiwanja, anapima kwa hatua. Alipenda nyumba zilizopangwa safu moja. Alisema watu wakikaa hivi hata kupigana watapigana kwa utaratibu. Mwita alicheka hadi akashika kovu lake, maana lilikuwa likimwuma akicheka sana.

Tembo hatukuwajua. Kule milimani adui wetu alikuwa chui, na dawa ya chui tuliijua: ulifyeka kichaka alichojificha, naye akahama. Huku chini, kiangazi cha kwanza, walikuja wakubwa ishirini na zaidi na watoto wao, wakaingia korongoni. Lilikuwa korongo la mchanga, lisilo na maji juu, ila ukichimba kwa jembe unayapata, na ndipo kijiji kizima kilipochota. Kingo zake mbili zilijaa migunga mikubwa, yenye gome la manjano, na kwa maili kadhaa hapakuwa na kivuli kingine.

Nyasi zikikauka, tembo hugeukia miti. Hilo tulijifunza kwa kulitazama tukiwa tumepanga ndoo zetu mbali. Mmoja aliweka paji la uso kwenye shina, akasukuma mara mbili, akapumzika, akasukuma tena, na mti mzima ukaenda chini na mizizi ikabaki juu. Mwingine alichoma gome kwa pembe, akalishika kwa mkonga na kulivuta kwenda juu. Lilitoka ukanda mrefu hadi kwenye matawi, na mlio wake ni wa kitambaa kipya kinachochanwa. Alitafuna, akatema nyuzi. Jike moja lilivunja tawi nene kuliko mwili wa mtu, likala ncha zake tu na kuliacha. Walipoondoka, matawi yalikuwa yananing'inia, mashina yamebaki meupe yanatoka utomvu, na mavi yao yametapakaa kila mahali. Mbuzi wetu walikimbilia huko kabla yetu. Majani ambayo wasingeyafikia maishani mwao yalikuwa chini, na maganda ya mbegu yamefunika mchanga. Mbuzi walinenepa kiangazi kile na hakuna aliyejiuliza ni kwa nini. Sisi tuliona miti inauawa.

Fundi aliona wagonjwa. Asubuhi alishuka korongoni na ndoo ya udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, akaupaka kwenye madonda ya miti na kuyafunga kwa kamba za katani. Uliochunwa upande mmoja aliushughulikia. Uliochunwa kuzunguka shina lote aliugonga kwa kidole, akasikiliza, akaupita. Watu walimtania kwamba tangu tuhamie amekosa vichwa, sasa anatibu kuni. Mwita, aliyemwona kama baba, ndiye aliyemchotea udongo. Walifanya hivyo viangazi viwili, wakibishana njia nzima, Fundi akimtukana na Mwita akicheka.

Kiangazi cha tatu mke wa balozi wetu wa nyumba kumi alikutwa kisimani na jike lenye mtoto. Lilimpiga kwa mkonga mara moja, likamrusha hadi ukingoni, na paja lake likavunjika mara mbili. Tukiwa shambani tulimsikia akipiga yowe. Siku ya pili mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano. Watu walikuja na mapanga, utadhani tembo ameitwa shaurini. Kila mtu alipiga kelele. Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, alikuwa amepelekewa habari na hakuwa ametokea, na kijiji hakikuwa na bunduki. Mwenyekiti aliposhindwa kuwanyamazisha alifanya lile ambalo sote tungelifanya.

"Fundi," akasema, "wewe ndiye unayejua vitu vilivyovunjika. Tufanyeje?"

Fundi alisimama. Nilimwona akivuta pumzi, na uso wake uling'aa.

"Tuone mfupa," akasema. "Hawa wanafuata nini hapa? Wanafuata migunga. Kichwa chenye mfupa uliovunjika, mimi nafanyaje? Natoa mfupa. Toeni migunga. Yote, kingo zote mbili. Wakija wakakuta patupu watapita."

Tulipiga makofi. Iliingia akilini moja kwa moja, kwa sababu ndivyo tulivyomtendea chui. Mtu mmoja tu alisimama kupinga, mwindaji mzee, Mwikoma kwa kabila, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye safu na ambaye alizaliwa katika nchi ile.

"Nyie watu wa milimani, hebu nisikilizeni," akasema. "Tembo hafuati mti. Anafuata njaa yake. Akila pale korongoni, anashiba pale. Mkimwondolea ile miti, atakuja kula nini? Atakula kilichobaki, na kilichobaki ni nyie na mihogo yenu."

"Kaa chini mzee," watu wakamwambia. "Wewe unataka kuendelea kuwinda."

Alikaa. Fundi hakumtazama. Tukaulizwa nani anakubali, na mikono ikainuka. Wangu niliuinua juu kabisa, kwa kuwa nilikuwa nachota maji pale kila siku na nilikuwa na woga.

Tulikata kwa wiki tatu. Sijawahi kuona watu wa ujamaa wakifanya kazi ya pamoja kwa moyo namna ile. Kwenye shamba la kijiji tulikuwa tukitegea, lakini pale kila mmoja alikuja na shoka lake kabla ya kuitwa. Tulikata hata ile aliyoifunga Fundi, kamba zake zikiwa bado zipo. Visiki tulivirundikia mavi makavu ya ng'ombe tukavichoma, vikafuka moshi siku nyingi, na moshi ule ulituuma macho mpaka ndani ya nyumba. Mwita alifurahi kuliko wote. Aliponipita na shoka begani alisema, "Robhi, sasa utachota maji ukiimba."

Mvua zikaja. Ukingo usio na mizizi uliporomoka, visima vikajaa tope, tukawa tunachimba mara mbili ya zamani kupata ndoo moja. Mbuzi wakakosa maganda, wakakonda, wengine wakatupa mimba. Watu walinung'unika kidogo. Bado tulisema afadhali hivyo kuliko tembo.

Kiangazi kilipokolea walikuja, kundi lilelile. Walisimama korongoni asubuhi moja, wananusa visiki vyeusi, wanavigeuza kwa miguu. Sisi tulikuwa tumepanda juu ya mawe kuwaona wakipita. Hawakupita. Yule mkubwa alinyanyua mkonga hewani, akageuka, na wote wakatufuata. Waliingia kwenye mihogo ya kijiji, wakaing'oa na kuikung'uta udongo wakila, ekari baada ya ekari. Kisha wakaja kwenye nyumba zetu zilizopangwa safu moja. Waliangusha vihenge kimoja baada ya kingine, nao hawakuhitaji kutafuta, maana vyote vilikuwa kwenye mstari. Wanawake tulikimbia na watoto. Mwita alichukua debe na kipande cha chuma, akaenda kusimama mbele ya kihenge cha mama. Alipiga debe kwa nguvu zake zote. Nilimwita. Alinisikia, akageuza kichwa, akanionyesha kwa mkono niende. Tembo alimsukuma kwa paji la uso hadi chini, kama walivyosukuma miti, kisha akamkalia kifuani kwa magoti.

Walipokwisha kula waliondoka. Fundi alikuja mbio, akapiga magoti, na bila kutazama kifua akapeleka vidole kwenye kichwa cha Mwita. Alipapasa kovu lake, akazunguka hadi kisogoni, akarudi mbele. Alipapasa muda mrefu sana.

"Kichwa ni kizima," akasema. "Kichwa hakina kitu."

Mama alimwambia aondoe mikono yake pale. Alimwambia kwa sauti ya chini, nami nilitamani angepiga kelele.

Tangu siku ile Fundi hakugusa kichwa cha mtu. Waliletwa wagonjwa kutoka mbali, mmoja kutoka Tarime kabisa, amelazwa kwenye mkokoteni, na ndugu zake wakalia mlangoni kwake siku mbili. Alijifungia ndani. Mgonjwa alifia kwenye mkokoteni. Wengine walisema ni majuto. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba hiyo ilikuwa damu nyingine juu ya ile ya kwanza, na kwamba majuto yanayoua watu wengine hayamsaidii kaka yangu. Baadaye wake zake walirudi kwao. Yeye alihama safu ya nyumba akajenga kibanda kule korongoni peke yake, na watu wakaacha kumtaja. Mimi niliolewa Kewanja nikaondoka.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimekuja kumwuguza mama, miaka ilikuwa imepita ya kutosha mimi kuwa na watoto watatu, na kuni zilikuwa zimekwisha. Nilichukua panga nikashuka korongoni kutafuta vijiti. Nilipofika kwenye kona ya korongo nilisimama. Kwenye ukingo ulioporomoka palikuwa na migunga michanga, mstari mzima, imenizidi kimo kidogo tu, kila mmoja umezungushiwa miiba mikavu mbuzi wasiuguse. Fundi alikuwa amekaa kivulini, kivuli kidogo cha miti midogo. Alikuwa amekonda na ndevu zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo, tata," nikasema, yaani baba kwa kikwetu. Adabu ilitoka kabla sijaizuia.

"Marahaba. Ni Robhi?"

"Ni mimi."

"Wa Mwita."

"Wa Mwita."

Hakuinuka. Nilimwuliza miti ile imetoka wapi.

"Kwenye mavi ya tembo," akasema. "Mbegu za kwenye ganda zimetobolewa na wadudu, hazioti. Zilizopita tumboni mwao zinaota. Nimekuwa nikiyafuata mbali, nayabeba kwa gunia."

"Unawapandia tembo?"

"Wakila hapa hawafiki kule." Alielekeza kidevu kijijini.

Lilikuwa lilelile alilolisema yule Mwikoma mkutanoni. Nikamwuliza kile nilichokaa nacho miaka yote.

"Siku ile mkutanoni, ulijua?"

Alitazama miti yake.

"Miti niliyoifunga na kaka yako, mingi ilikuwa imepona," akasema. "Nilikuwa nimeiona. Mbuzi nao nilikuwa nimewaona walivyonenepa. Nilijua, Robhi."

"Kwa nini basi?"

"Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu. Wote mlikuwa mnanitazama. Kusema tuwaache wale, tuchimbe kisima kingine mbali, lile si jibu la fundi. Nilitaka niwe na jibu."

Hakuomba msamaha, na angeomba ningempiga kwa panga yeye mwenyewe. Niliuendea mgunga wa kwanza, nikapiga teke ile miiba, ikanichana mguu, nikaukata usawa wa kiuno kwa mapigo mawili. Ulianguka na majani yake yote. Nilimgeukia nimwone akisimama, akinirukia na fimbo kama zamani. Alibaki amekaa. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti.

"Umekata juu," akasema. "Ukikatwa hapo, utachipua. Ukitaka ufe, shuka mpaka kwenye mchanga, kisha uchome kisiki. Kama tulivyofanya."

Nilihamia kwenye wa pili. Niliendelea hadi mwisho wa mstari, ninalia na kumtukana yeye na ukoo wake wote, na kila mti niliukata palepale juu.